Mistari Isiyotaka Kukatwa

Dada yangu alikuja kwangu, mtaa wa Ndia Kuu, kuandika programu ya kukokotoa maji kujaa na kupwa, kazi ya mwisho ya shahada yake. Kila akiiendesha, ilikataa. Kihariri cha kompyuta yangu, kile cha kuandikia matini, nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya riwaya: mstari ukirefuka, kiliukata chenyewe na kuuteremsha.

"Ewe mwandishi, umeniharibia hesabu kwa mapambo yako!" dada akafoka alipoiona mistari imekatika.

Nikazima ukataji ule, nikawasha rula ya kuhesabu nafasi juu ya skrini ili aone kila amri inaanzia nafasi ya saba, kama lugha ya programu yake ilivyotaka. Akaunganisha mistari iliyokatika, akaiendesha tena. Tarakimu zikamiminika. Akazisoma hadi mwisho.

"Usiguse kitu," akaniambia. "Riwaya yako na ingoje."