Nyota Mkia ya Mama na Taa ya Bandari

Siku ya majaribio ya kazi niliambiwa nipande juu ya paa la chuo cha wanawake, Jeddah, jua likizama, nikawakuta wasichana watatu wamepanga mstari nyuma ya darubini. Sote tuliomba kazi ile ile ya ufundi wa maabara. Msimamizi wa Maabara, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye kila mtu alimwita Abla, alitutaka tuchungulie mmoja mmoja na tumweleze tulichokiona. Wa kwanza akaona nyota. Wa pili akaona nyota na ukungu. Wa tatu, maskini, akaona hata mkia. Ilipofika zamu yangu niliona giza tupu. Nikapangusa jicho, nikatazama tena, giza.

"Sioni kitu, Abla," nikasema, na moyoni nishaanza kuiaga kazi.

"Mafi? Hakuna kitu?"

"Mafi, Abla. Hata chembe."

Akacheka, akaenda mbele ya darubini, akakitoa kifuniko cha kioo ambacho hakikuwa kimeondolewa tangu asubuhi. "Halas, imekwisha. Wewe utabaki."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuzitazama nyota mkia, ambazo wataalamu huziita kometi. Vijana wengi huchanganya kometi na kimondo. Kimondo hupita mara moja, ukipepesa macho umekikosa. Nyota mkia ni bonge la barafu na vumbi linalotoka mbali sana, na likilikaribia jua barafu hugeuka mvuke, ukatanda kama wingu kukizunguka kichwa. Wingu hilo huitwa koma. Kutoka hapo ndipo mkia unapoota, nao siku zote hulipa jua kisogo. Nyota mkia hukaa wiki nyingi, na haikai hivi hivi. Leo hafifu, kesho kutwa imeng'aa, na pengine ukirudi Jumamosi huikuti tena.

Kazi yetu ilikuwa kuupima huo mwangaza unaopanda na kushuka. Kipimo chenyewe kimepinduka kama nafasi za darasani: namba moja ni mkubwa kuliko namba mbili, na wa sita ndiye wa mwisho kuonekana kwa macho matupu. Taabu ni kwamba nyota ya kawaida ni nukta, na nyota mkia ni kipande cha pamba. Huwezi kupima pamba kwa punje ya mchele. Basi tulizungusha gurudumu la darubini mpaka nyota zikose umbo, kila moja itandazike kama pamba, kisha tukatafuta moja inayoizidi nyota mkia kidogo na moja inayozidiwa nayo, tukaiweka baina yao. Ukiwa na jicho lililotulia gizani, huwezi kuamini jinsi jambo hili linavyokuwa sahihi. Mimi nililipenda kuliko mapishi, na nyumbani walinisema kwa hilo.

Abla hakuruhusu mtu kuuliza mwenzake ameona nini kabla hajasema lake. Na ukimletea taarifa, swali lake la kwanza halikuwa umeona nini. "Ulikuwa umeelekea wapi?" ndilo alilouliza. Taarifa isiyo na upande, alisema, ni porojo za ukumbini. Na kama hukuona, useme hukuona, utaje na nyota hafifu kabisa uliyoiona, kwa sababu kutoona nako ni kazi tunayolipwa.

Nyumbani mama yangu aliipokea kazi hii kwa namna ya peke yake, maana yeye aliwahi kuona nyota mkia, au alisema ameiona. Wazee wangu ni watu wa Unguja, walihamia Jeddah baada ya Mapinduzi. Mwaka wao wa mwanzo huku, mama akiwa kijana ana mimba yangu, kiungulia kilimwamsha kabla ya adhana ya Alfajiri, akapanda juu ya paa kupunga upepo. Huko akaona kitu cheupe kirefu kimesimama mbinguni. Akashuka mbio kumwamsha baba. Baba alikuwa karani bandarini, na kwa mambo ya taa alijiona mufti.

"Hiyo taa ya bandari, bibie," akasema bila ya kufumbua macho. "Meli inaingia. Lala."

Bibi yangu mzaa baba akaongeza lake: mja mzito haangalii vioja vya mbinguni, na akiviangalia hasemi. Nikazaliwa nina baka begani, basi mdomo wa mama ukafungwa kabisa. Toka hapo, kila mama alipokosea jambo, chumvi ikizidi au akimfananisha mtu njiani, baba alisema "taa ya bandari," na nyumba nzima ikacheka. Mama naye alicheka. Mpaka baba anakufa mzaha ulikuwa ule ule.

Nilipopata kazi, mama alinivuta jikoni. "Mwanangu, mie nataka kitu kimoja tu. Nionyeshe moja iliyo ya kweli, isiyo na ubishi. Nikiiona nitajua kama yangu ilikuwa nyota mkia au nilikuwa na wazimu wa mimba."

Nikamwahidi. Nilidhani ni ahadi nyepesi, kama mtu aniombaye samaki na mimi ndiye mvuvi.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Riyadh, kwenye kitengo kipya cha kuangalia anga. Chuo kilishughulikia ikama, kibali changu cha ukaazi, nami nikapanga kwa mjomba wangu, mtaa wa Al-Suwaidi. Bahari ya Jeddah huleta mvuke unaozifuta nyota za chini; Riyadh ina vumbi lake na taa zisizokwisha, kwa hiyo ilitubidi tutoke nje ya mji. Dereva wetu alikuwa Mutua, Mkamba kutoka Kenya, mtu wa kanisa na wa maneno. Ndiye aliyetununulia sokoni Batha karatasi nyekundu za kufunika tochi zetu, kwa kuwa mwanga mwekundu hauliharibu jicho lililozoea giza.

"Madam, hii nyota yenu si ikuje tu tuende home," alikuwa akisema, ameegemea gari. "Bosi akiniuliza petroli imeenda wapi, nimwambie imeenda kutafuta nyota?"

"Mwambie hivyo hivyo, Mutua."

"Atanipeleka hospitali ya vichwa, madam. Na nitaenda peke yangu."

Mkuu wa Kitengo alikuwa daktari wa fizikia, mrefu, mwenye heshima, anayependa mambo makubwa. Mwaka mmoja ikatangazwa nyota mkia iliyotarajiwa kuwa ya ajabu. Mkuu akaalika walimu wote na familia zao jangwani, mahema yakaagizwa. Mimi nikamleta mama kutoka Jeddah. Alikuja na kanga mpya, macho yake wakati huo mazima, anasoma maandishi ya kwenye kopo la dawa bila miwani.

Siku chache kabla ya wageni, niliona koma imerefuka kama tende iliyobonyezwa, na ule weupe mzito wa katikati umetoweka. Nikapima mara mbili. Mwangaza ulikuwa umeanguka vibaya. Ile nyota ilikuwa inavunjika.

"Una hakika, ukhti?" Mkuu aliniuliza. "Wageni nishawaambia itaonekana kwa macho."

"Haitaonekana, Daktari."

Akageuka akayatazama mahema. Ungedhani ataniomba nipime tena mpaka ipendeze. "Basi tuwape wageni chai," akasema mwisho, "tuwaonyeshe Zohali. Yalla." Kwa neno lile nampenda yule bwana mpaka leo.

Mama ndiye hakupendezwa. "Nimetoka Jeddah mpaka huku kuja kumtazama maiti?" Lakini aliitazama pete ya Zohali kwa muda mrefu, na gari liliporudi mjini alilala begani kwangu.

Mwaka wa korona ilikuja nyingine, nzuri, ya chini upande wa kaskazini magharibi baada ya swala ya Magharibi. Mimi nilikuwa Riyadh, mama Jeddah hatoki nje. Nikampigia simu nimwelekeze kutoka paani. "Huko pana jengo la ghorofa saba," akasema. "Labda likivunjwa." Tukacheka, lakini nilipokata simu nililia.

Nikastaafu. Nikarudi Jeddah kwa mama na kukuta macho yake yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Taa za barabarani, alisema, kila moja ina nywele. Nilimsikiliza huku nikiwaza kwamba hivyo ndivyo nilivyoziona nyota miaka yangu yote kazini, zimekosa umbo, ila mimi niliweza kulirudisha gurudumu. Daktari wa macho alikuwa tayari kumpasua, lakini sukari yake ilikuwa juu. Mpaka ishuke, akasema.

Na hapo ndipo ikaja. Vijana wa familia wakaanza kunitumia picha kwenye simu: Bibi, hii itaonekana? Ilikuwa imelizunguka jua ikatoka salama, na jioni ya kwanza nilipoiona upande wa magharibi moyo ulinidunda kama wa msichana. Iling'aa kuliko nyota zote za upande ule isipokuwa Zuhura. Lakini ilikuwa inaondoka. Kila jioni nilipanda juu ya paa nikapima, na kila jioni imeshuka. Asubuhi nilimpima mama sukari, jioni nikapima nyota. Sukari ilishuka polepole, nyota ilishuka haraka, na mwezi nao ulikuwa unakua ili uje kuimeza. Nilijua nani atawahi.

"Tusingoje macho," nikamwambia. "Twende hivi hivi."

Niliendesha mwenyewe. Mama alikaa mbele ameshika mlango kwa mikono miwili. "Macho barabarani, Zuwena. Mbinguni utatazama tukifika." Tukaenda kusini, tukaupita mtaa wa Karantina, mpaka taa za pwani zilipopungua. Nikamfungulia kiti cha kukunja kilichoielekea bahari, nikammiminia chai. Jua lilikuwa limekwisha zama. Maji yalikuwa ya zambarau, kisha ya majivu, kisha mstari wa bahari na mbingu ukapotea, ikawa kama tumekaa mbele ya kitu kimoja kisicho na mwanzo. Tukaswali pale pale. Zuhura ikatoka. Na baada ya muda, juu yake upande wa kulia, ikajichora yenyewe, kwanza kichwa, halafu mkia ukapanda taratibu kama moshi wa udi katika chumba kilichofungwa.

Sikumwambia iko wapi. Nilitamani, Mungu anajua nilitamani kuushika mkono wake na kuunyoosha. Lakini hakuja kuona kwa macho yangu.

"Zuhura naiona," akasema. "Imeota manyoya." Akageuza kichwa huku na huku, taratibu. "Ile inayokwenda?"

"Ile ndege, mama."

Akatazama tena, sana. Bahari ililamba mawe.

"Sioni," akasema. "Na usije ukawaambia watu nimeiona."

Ahadi yangu yote, na kazi yangu yote, na ile pale mbele yetu. Yeye ndiye aliyenipapasa goti.

"Basi nieleze. Ulichokiona, usinipambie."

Nikamweleza kama ninavyotoa taarifa. Inazidiwa na Zuhura mbali, inaizidi kidogo ile nyota nyekundunyekundu ya kuliani ambayo Waarabu huiita Simaki. Nikamfundisha kupima urefu kwa kunyoosha mkono na kukunja ngumi mbele ya mbingu. Mkia ulikuwa ngumi mbili.

"Mbili tu?" Akanyoosha mkono wake mwembamba, akafumba macho, akapanda na ngumi hewani, moja, ya pili, ya tatu. "Yangu ilikuwa tatu na ushei. Nyeupe zaidi ya hiyo unayonambia. Na mkia ulipinda kidogo nchani."

Nilikuwa nishafungua mdomo kusema jambo la kumfariji, likatoka swali. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea tu.

"Ulikuwa umeelekea wapi, mama?"

"Kulikokuwa kunapambazuka. Kichwa chini, nyuma ya nyumba ya yule Myemeni muuza mkate, mkia juu. Kulipokucha ikafifia, nikashuka."

Nikaweka kikombe chini. Nyota mkia iliyolizunguka jua, ikiwa ya alfajiri, hutoka hivyo hivyo, kabla ya jua, mkia ukiwa umelipa kisogo. Na bahari ya Jeddah iko upande mmoja tu.

"Mama, bandari iko magharibi."

"Najua bandari iko wapi. Nimeishi hapa kabla yako."

"Taa ya bandari isingeweza kuwa mashariki! Kwa nini hukumwambia baba?"

"Baba yako hakuniuliza nilielekea wapi. Bibi yako hakuniuliza." Akanywa chai. "Nawe hukuniuliza."

Kazini swali hilo niliwauliza wanafunzi, madereva, walinzi wa lango, mtu yeyote aliyewahi kusema ameona kitu mbinguni. Mama nilimwahidi nyota nyingine, kumbe yake ilikuwepo miaka yote, imekaa mdomoni mwake inangoja neno moja. Niliona haya, na nilifurahi, yote kwa pamoja. Nikamwambia kwa sauti, kama Abla alivyokuwa akizipokea taarifa: kabla ya Alfajiri, upande wa mashariki, kichwa chini, mkia juu, ngumi tatu na ushei. Nyota mkia, mama. Haina ubishi.

Akamalizia chai yake. Kisha akacheka peke yake gizani, kicheko cha msichana. "Taa ya bandari," akasema. "Mungu amrehemu, alikuwa mbishi."

Siku hizi vijana wananiuliza ni darubini gani wanunue. Nawaambia wangoje, kwanza wakamuulize mtu mzima mmoja nyumbani kwao aliona nini, na alielekea wapi.

Sukari ilishuka, mama akapasuliwa. Jioni daktari aliporuhusu atoke nje, tulipanda juu ya paa. Nyota mkia ilikuwa imekwenda zake zamani, haionekani hata kwa darubini yangu ya mkononi. Mama aliitazama Zuhura, safi, haina nywele hata moja. Halafu akapanda na macho taratibu kuliani, mpaka pale nilipomweleza siku ile, akatulia hapo.

"Sioni kitu," akasema.

"Hata mimi, mama."

"Basi leo tunaona sawasawa," akasema, akanishika mkono tushuke.