Karatasi Niliyofunikia Kaye ya Neema

Naomba jina langu mlifiche. Bukavu mji mdogo, midomo mikubwa.

Nina miaka sabini na minne, mujane, naishi Nyalukemba. Wakati wa Zaïre nilikuwa dactylo, mpiga chapa, katika ofisi iliyosimamia shule zote za primaire za zone yetu. Mimi ndiye niliyepiga mitihani kwenye stencil, ile karatasi ya nta inayofungwa kwenye mashine itoe nakala. Mkubwa wetu, citoyen inspecteur, aliogopa wezi kuliko Mungu: nondo dirishani, kufuli mbili mlangoni, na mbele ya mlango Papa Mweze, mulinzi, funguo shingoni. Stencil zilizotumika nilizichoma, inspecteur akitazama.

Ila kabla ya kuzichoma nilizilaza juu ya karatasi nyeupe, zinyonywe wino. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Kazi niliijifunza kwa kuchungulia. Karatasi zilikuwa haba, moja ikachafuka upande mmoja tu; sikuangalia kwamba maswali yamejichapa pale. Nikaibeba, nikafunikia kaye, yaani daftari, ya binti yangu Neema wa sixième, darasa la sita, upande wa wino ndani. Kufuli mbili, na mtihani ukatoka ndani ya mkoba wangu.

Siku ya mtihani darasa lake zima lilimaliza karibu kabla mwalimu hajamaliza kugawa. Neema akaniambia, "Maman, maswali ilikuwaka kwa kaye yangu. Nilionyesha benzangu." Nikalitia lile funiko kwenye makaa ya mbabula, nikamwambia anyamaze.

Kesho yake habari ikamfikia inspecteur, akauliza funguo iko na nani.

"Iko na miye, citoyen. Lakini sikufungua."

"Basi mtihani uliruka kwa dirisha?"

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka.

Papa Mweze akafukuzwa. Kwao Kasha watoto wakamwita Mwizi wa Examen, mpaka akaacha kwenda kanisani.

Sasa hainuki kitandani. Jumapili nilimpelekea uji, kama kawaida yangu. Akanishika mkono. "Maman Neema, tangu ile siku ni wewe tu ulikuwaka unanisalimia. Samedi watoto yangu wote watakuja. Uwaambie baba yao hakuiba. Wewe ulikuwaka mule, watakuamini."

"Nitawaambia, papa."

Akalala akitabasamu.

Lakini watauliza: basi ni nani? Nikijibu, atakufa akijua rafiki yake mmoja tu ndiye aliyemwangamiza. Nikimeza, wataniangukia miguuni kwa ahsante, nami nitaipokea.

Samedi, yaani Jumamosi, haiko mbali. Nishaurini, ndugu zangu: nimrudishie jina lake tu, au niweke na langu?