Tepu Zilizokaa Kando ya Moto

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize. Mimi sikuhadithiwa, nilikuwepo.

Miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta, kiwanda kimoja cha chai upande wa Sigowet. Kompyuta yetu ya Unix ndiyo iliyoweka hesabu ya kilo za majani za kila mkulima, baba yangu akiwemo. Kila jioni tulinakili kila kitu kwenye tepu. Lakini si unajua ukungu wetu? Hata chumvi jikoni inalia maji. Basi Wesley, aliyenitangulia kazini, alianzisha desturi ya kuweka tepu kando ya mashine ya kukausha majani, zisishike unyevu. Sote tulimsifu. Kuna aliyewahi kuzisoma tena aone kama ziko sawa? Hakuna. Wesley akafa, tukamzika kwao Mulot. Udongo nilitupa hata mimi.

Halafu mvua ya mawe ikaangusha nyaya za stima, na diski ya kompyuta, yenye hesabu yote, ikafa. Fundi akaweka mpya, nikaenda kuchukua tepu. Ya kwanza haisomeki. Ya pili vile vile. Joto lilikuwa limezipika zote. Wakulima wamejaa getini wakingoja malipo ya kilo zao za mwaka mzima, baba kati yao, na mimi ndani nalia.

Mlango ukafunguka. Niamini, ilikuwa bado mchana, ni ukungu tu. Akaingia Wesley na koti lake la kazi.

"Chamgei," akanisalimia.

Akachukua tepu mkononi mwangu, vidole vyake moto kama sufuria. Akaitia kwenye kompyuta, ikazunguka. Majina yakaanza kushuka kwenye skrini, kila moja na kilo zake. Nikasema asante Mungu.

Kisha nikayasoma. Huyu tulimzika Pasaka. Huyu, mwaka juzi. Wote marehemu.

"Na walio hai?" nikauliza.

"Hao joto imekula," akasema polepole. "Mimi nakumbuka wale niko nao. Wengine nitaongeza wakikuja."

Akatoka. Walio hai hawakupata kitu. Baba aling'oa chai yake yote na hakunisemesha tena.

Kiwanda kilipoitupa ile kompyuta, niliibeba nyumbani pamoja na tepu. Kila tukizika mkulima naisoma, na jina lake limo. Wewe unayetunza kazi ya watu, weka tepu mbali na moto, na uisome mapema, diski ikiwa bado hai. Usingoje usomewe na marehemu.

Juzi tulimzika baba. Jioni nikaitia tepu. Yumo, na kilo zake zote.