Masikio Mawili ya Bonareri

Mama yangu Bonareri hakuwa mtu wa kubembelezwa. Akishaamua jambo, baba yangu Ratemo, mpakia kuni wa kiwanda cha chai, alitafuta pa kukaa akanyamaza. Kwa hiyo mama alipoamua kukatwa masikio yashonwe yawe madogo, aliyempinga ni nyanya Nyamoita peke yake, mama yake baba. Masikio ya nyanya yalining'inia karibu na mabega naye aliyajivunia.

Ya mama nayo yalikuwa yametobolewa na kupanuliwa kwa vijiti tangu usichana wake huko Kisii. Lakini alikuwa ameingia Sabato, na ubatizo wa mtoni ulikaribia. Hakuna mchungaji aliyemwagiza. Alitaka tu kuingia majini na masikio mapya, basi.

Alfayo Otiende, dresa, mtibu vidonda wa zahanati ya shamba la chai la Wazungu, alikata, akashona, akamwonya: "Mama, kidonda ya kupona inapunguza uchungu kila siku. Ikianza kuuma kuliko jana, usingoje. Rudi hapa."

Mama akarudi kuchuma majani. Ukanda wa kikapu ulipita kichwani, na kwa kuwa hakutaka mtu aone nyuzi, alifunga kitambaa hadi chini ya masikio, na ukanda ukakaa juu yake. Upande wa kulia ndio uliolemewa. Ulipoanza kumsumbua, wanawake wa kanisa walimwambia kidonda kikiwasha kinapona. Naye alitaka kuwaamini, kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa ameshasema mgonjwa haingii mtoni, na ubatizo mwingine ni mwaka ujao. Akanyamaza! Hadi leo nikikumbuka nakasirika.

Vidole vyake ndivyo vilivyomkatalia. Kila asubuhi alishika masikio yote mawili. Kisu kilikuwa kimoja, siku moja, mkono mmoja. La kushoto lilikuwa baridi na kavu. La kulia lilikuwa na moto, limevimba, na kitambaa kiliamka kimelowa na kunuka. Kama hilo linapona, akajiuliza, hili linafanya nini?

Kioo hakuwa nacho. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa nyanya, ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu siku ya kisu, akafungua kitambaa.

"Mama, niangalie. Usinifiche."

Najua nyanya alikuwa na matusi tayari, maana hakuwahi kukosa. Aliyameza. Akabonyeza nyuma ya sikio, akanusa kidole chake.

"La kushoto ni sikio," akasema. "Hili ni jipu. Kidonda kimeachana, usaha unatoka."

"Nikienda zahanati nitakosa ubatizo."

"Ukikaa utakosa kichwa. Vaa kitambaa, twende."

Nyanya alikuwa ameapa hatakanyaga zahanati ya Wazungu. Alikanyaga, na akamshika mama kichwa kwa mikono miwili wakati Otiende akikata nyuzi, akikamua usaha na kuosha kwa maji moto ya chumvi, huku akigomba: "Mama, si nilikuambia? Sasa hii siwezi kushona tena. Itapona na pengo."

"Lipone tu," mama akajibu.

Siku ya ubatizo alikuwa nyumbani kwenye laini, nyumba za wachumaji, akisikia nyimbo kutoka mtoni. Alilia, hakunificha hilo. Lakini sikio lilipoa siku baada ya siku, likakauka, na pengo likabaki.

Mwaka uliofuata aliingia majini kichwa wazi, pengo lionwe na kila mtu. Nyanya, ambaye hakuwa na dini, alisimama ukingoni ameshika kitambaa. Mama alipotoka, kabla hata wimbo haujaanza, nyanya alimvuta, akapangusa sikio la kulia, akalikunja kutazama nyuma yake, akalinusa.

"Liko sawa," akawatangazia Wasabato wote, kana kwamba kuna aliyemuuliza.