Ako na Nyumba Yake

Alidanganya nini sasa? Si uniambie. Kila mtu hapa Kitale ako na maoni juu ya baba yangu, ati mzee wa kanisa anadanganya watu wa bima kwa simu, na hakuna hata mmoja wenu alikuwa Bungoma siku hiyo. Mimi nilikuwa. Simu nilikuwa nimeishika mimi.

Baba anafanya kwa kampuni ya kusaga unga. Kampuni imewawekea bima ya matibabu: yeye, mama, na watoto wenye bado wako shule. Mimi nilishatoka huko. Niliachia shule njiani, nikajifundisha mwenyewe kutengeneza simu, sasa niko na kibanda. Lakini ndugu yangu mdogo ako chuo Bungoma, amekodi chumba na mwenzake karibu na reli, na sisi wote tulijua bima ya baba inamlinda huko.

Asubuhi hiyo huyo mwenzake alinipigia. "Siz, kuja. Tumbo imemkataa kabisa."

Nikafunga kibanda. Kufika Bungoma nikamkuta hospitali, amejikunja kwa kitanda, ameshika upande wa kulia, midomo imekauka. Daktari akasema ni apendiksi. Lazima apasuliwe leo, na asisongezwe tena kupelekwa kwingine. Theata iko tayari. Kitu tu inangojewa ni bima ikubali, ama tulipe wenyewe. Na kulipa wenyewe, bana, tusidanganyane.

Bima ikakataa.

Nikafikiri ni mtandao. Nikapigia hao watu. Akashika mwanadada wa Kiswahili safi kama ya redio.

"Samahani dada, huyu aliondolewa. Mwanafunzi anayeishi hosteli au chumba cha kukodi tunamlipia. Lakini mwenye nyumba yake tunamhesabu kama mtu anayejitegemea."

"Nyumba gani? Huyo hana hata kijiko yake!"

"Baba yenu mwenyewe alisema hivyo tulipompigia kuhakikisha."

Nilijua saa hiyo hiyo.

Kwetu Wabukusu, kijana akishatahiriwa hawezi kulala tena nyumba moja na wazazi. Anajengewa simba. Ni chumba kimoja tu cha matope, hapo hapo kwa boma, karibu na jikoni ya mama. Chakula anakula ya mama. Sabuni anaomba mama. Hata kufuli ya huo mlango ni baba alinunua. Lakini uliza mzee kama kijana yake bado anakaa kwa nyumba ya baba, ni kama umemwambia hakuzaa mwanaume.

Mama alikuwa karibu siku ile mzee alipigiwa. Anasema mwanadada aliuliza kama kijana bado anaishi kwa nyumba ya mzee, na mzee akaruka.

"Kwa nyumba yangu? Apana! Ako na simba yake."

"Ana nini? Simba?"

"Nyumba! Ako na nyumba yake!"

Mwanadada akashukuru, akakata simu. Mzee naye akarudi kwa chai yake, amefurahi vile alimweleza vizuri.

Haya, nikaeleza hiyo yote. Nikaeleza tena nikipiga kelele mpaka watu kwa korido wakageuka. Mwanadada akasema amenielewa, lakini lazima mwenye bima ajibu mwenyewe, kwa sauti yake, kwa sababu simu inarekodiwa. Akamuunganisha mzee. Nikasikia mashine ya unga inanguruma, nikasikia mzee akiambia wenzake wazime.

"Mzee, nauliza tena. Kijana wako anaishi kwa nyumba yako?"

"Mama, mtu kama mimi haulizwi hiyo swali."

"Baba, sema ndio!"

"Wewe msichana, mambo ya simba ya ndugu yako unaingilia kama nani?"

Nyuma yake wanaume wakaanza kucheka. Wengi wao ni rika yake, walitahiriwa mwaka mmoja. Mmoja akasema kwa nguvu, "Mwambie umemlaza katikati yenu!"

Nikamgeukia mwanadada. "Muulize nani anamlisha! Muulize karo inatoka wapi! Kwani lazima uulize nyumba?"

"Dada, swali liko vile liko. Siwezi kulibadilisha."

Ndugu yangu akanivuta sweta. Alikuwa amenyoosha miguu. Anatabasamu hata. "Siz, wacha kugombana na watu. Imepoa. Sisikii uchungu tena."

Mungu wangu, nilifurahi. Nilifurahi mjinga mimi. Nesi alikuwa anapita, akasimama. "Umesema imepoa? Ghafla hivyo?" Akamgusa tumbo, akaenda mbio. Alirudi na daktari, na daktari hakuangalia mgonjwa kwanza, aliniangalia mimi. "Inaweza kuwa imepasuka ndani. Kama kuna mtu unaongea naye, maliza sasa."

"Baba," nikasema. "Imepasuka."

Hakuna mwenye anacheka.

"Andika," mzee akasema. "Andika analala kwa nyumba yangu. Andika analala kwa kitanda yangu, mimi na mama yake tumetoka nje."

"Mzee, nahitaji ndio au hapana."

"Ndio! Ndio, mama! Ndio!"

Walimsukuma theata mimi bado nimeshika simu kwa sikio.

Alipona. Alikaa na mpira kwa tumbo ukitoa uchafu, akakonda, lakini alipona. Mzee alipokuja wodini hakuna mwenye alitaja nyumba. Alimvutia shuka ikafika miguu, akauliza kama chakula ya huko iko na chumvi. Ndugu yangu akasema iko. Wakaangalia dirisha, wote wawili.

Sasa huko kazini wanamuuliza kama kijana anakoroma. Siku hizi anakunywa chai peke yake. Na nyinyi mnaongeza, ati uongo. Uongo gani? Huyo kijana ako chuo, analishwa na baba, analipiwa na baba. Mzee alikula aibu mbele ya rika yake ndio mtoto apumue, mimi mtu akimcheka nikiwa hapo tutapigana.

Nilipigia mwanadada tena nikiwa nimepoa, nikamwambia wabadilishe hiyo swali. Akasema atawaambia wakubwa. Jirani yetu amepigiwa juzi, na swali ni ile ile.

Haya wewe mwenye unacheka sana, na kijana yako ako chuo mbali saa hii: walipokupigia, ulisema anakaa kwa nyumba ya nani?