Waridi Juu ya Kaburi la Ágoston

Siku hizi watu hununua maua ya Pentekoste mjini, yamefungwa kwa nailoni, wala hawaoni haya. Zamani, kijijini kwetu Hársvölgy, nyumba isiyokuwa na waridi lake la Pentekoste ilionekana kama nyumba isiyo na jiko. Ndilo ua ambalo wageni huliita pioni: jekundu, zito, likinyeshewa linainamisha kichwa hadi chini. Nikilikumbuka moyo unaniuma, kwa sababu namkumbuka Shangazi Piroska, dada mkubwa wa baba yangu.

Shangazi alikuwa mwanamke wa shoka, mwenye ulimi uliokata pande zote mbili. Mumewe, Ágoston, alikuwa mkimya. Ila kila Pentekoste, kabla ya misa, alikata ua moja uani na kuliweka ndani ya kikombe cha kahawa cha mkewe. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mapenzi kwa mwaka mzima. Alipofariki, Shangazi aling'oa shina lile lile akalipanda juu ya kaburi lake.

Miaka ya kwanza lilichanua vizuri. Kisha maua yakapungua, yakabaki matumba madogo kama njegere ambayo yalikauka kabla ya kufunguka. Mwishowe yakawa majani matupu.

"Amenuna," Shangazi aliniambia. "Siku yake ya mwisho aliniomba palinka kidogo, tone tu. Nikamnyima, kisa daktari kakataza. Sasa mtu umemnyima tone lake la mwisho, unataka achanue?"

Palinka ni pombe yetu kali ya plamu, na Ágoston aliipika mwenyewe. Basi Shangazi akawa anambembeleza marehemu. Alitia samadi ya kuku, majani yakanawiri kama kabichi, ua hakuna. Akamwagia palinka yenyewe: "Haya kunywa, yaishe!" Hayakwisha. Siku hiyo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza, nami sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kwetu, kabla ya Siku ya Watakatifu Wote, kila kaburi huongezwa udongo mpya na kupigwapigwa kwa koleo mpaka tuta lisimame kama mkate ulioumuka. Tuta likibonyea, watu husema marehemu hana mtu. La Ágoston lilikuwa refu kuliko yote, na Shangazi alijivunia.

Kwenye kaburi la jirani alilala mke wa Gáspár, rafiki wa Ágoston tangu utotoni. Lilikuwa bapa kabisa.

"We Gáspár, huoni aibu? Mkeo umemlaza chini ya uwanja wa mpira!"

"Shemeji, marehemu hakupenda blanketi zito."

"Mvivu hakosi sababu!"

Lakini waridi la Gáspár, pale juu ya kaburi la mkewe, lilikuwa likichanua mpaka mashina yanalemewa. Pentekoste moja Shangazi alishindwa kuvumilia.

"Hebu niambie, unalilisha nini hili?"

"Mimi? Uvivu, shemeji. Tangu nilipande halijaonja kingine."

Shangazi hakucheka. Alipiga magoti, akachomeka kidole kando ya shina la Gáspár. Kabla hakijazama hata upana wa vidole viwili, akagusa kichwa cha mzizi, pale yanapotokea machipukizi. Akahamia kwenye kaburi la Ágoston. Kidole kikazama, kiganja kikazama, akakunja mkono wa gauni akaendelea hadi karibu na kiwiko. Hapo ndipo akakigusa kichwa cha mzizi.

"Yesu na Maria," alisema polepole. "Kila mwaka udongo. Kila mwaka mimi."

Waridi hili lataka machipukizi yake yaisikie baridi ya majira ya baridi. Ukilifukia sana halifi, ila litakupa majani tu, na samadi itazidi kulipumbaza. Shangazi alitaka kulifukua pale pale.

"Sasa hivi utaliua," Gáspár akamzuia. "Subiri vuli, majani yachoke."

Vuli ilipofika tulilifukua kwa uma wa bustani, tukalikata sehemu zilizooza, tukarudisha kipande chenye machipukizi manene, juu juu, bila samadi. Tuta likasawazishwa. Ndipo ikaja Siku ya Watakatifu Wote, mishumaa kila mahali, matuta yote yamesimama isipokuwa mawili.

"Piroska kachoka na mumewe," mwanamke mmoja akasema nyuma yetu, tena kwa sauti.

"Tazama kaburi la Gáspár, tazama na hili," mwenzake akajibu. "Hawa wawili wamekubaliana jambo."

Wakacheka. Shangazi, aliyewasema watu maisha yake yote, aliinama akawasha mshumaa mwingine. Tulipofika nyumbani alichukua koleo, akaliweka, akalichukua tena. Kisha akanikabidhi. "Lifiche. Hata nikikuomba usinipe." Nililificha chini ya kuni, na aliniomba kweli, akanitukana kweli, sikumpa.

Pentekoste iliyofuata, majani matupu.

"Lililohamishwa lazima linune kwanza," Gáspár alisema. "Hata wewe ulipoolewa ulinuna mwaka mzima."

"Nyamaza."

Mwaka wa pili lilitoa tumba moja, nalo likajaa sisimizi. Shangazi alikwenda na kitambaa kuwapangusa, Gáspár akamshika mkono. "Waache, wanalamba utamu wao tu, hawadhuru." Asubuhi ya Pentekoste tulilikuta limefunguka, jekundu, limeinama.

Shangazi alikuwa amebeba kikombe chake cha kahawa, ndani yake palinka. Alikaa chini na gauni lake la kanisani.

"Kumbe hukununa, Ágoston," alisema. "Ni mimi niliyekuwa nakuziba."

Nusu alimmwagia, nusu akanywa mwenyewe. Ua hakulikata.

Sasa naye amelala pale, ubavuni mwa mumewe, na waridi limetanuka likawafikia wote wawili. Mwaka jana, Siku ya Watakatifu Wote, wanawake wawili walipita nyuma yangu wakiyatazama yale makaburi bapa. "Maskini," mmoja alisema, "hawa hawana mtu." Niliwasha mishumaa, nikapima udongo kwa vidole viwili, nikaenda zangu nyumbani.