Video ya Macho Chini

Video za wanafunzi mie sikuziamini tangu siku ya kwanza. Nafundisha Kiingereza kwenye chuo kidogo cha mambo ya hoteli, upande wa Kinondoni. Mtaala ulipobadilika tukaambiwa mwanafunzi ajirekodi kwa simu akimweleza mgeni kuhusu mtaa wake, dakika tano, bila kusoma popote. Bila kusoma, nani anamwona? Nyuma ya simu unaweza kubandika gazeti zima. Mie ni nyani mzee, nimekwepa mishale mingi.

Basi nikaletewa video ya binti mmoja wa Manzese. Darasani alikaa karibu na mlango, na ukimuuliza swali anajibu neno moja, tena kwa kunong'ona. Kwenye video Kiingereza kinateleza. Anaeleza karakana za vyuma, anaeleza mama wa chapati karibu na kituo cha mwendokasi, hadi utani kaweka. Ila macho yako chini mwanzo mpaka mwisho. Kamera hajaitazama hata mara moja.

Machale yakanicheza. Niliitazama ile video mara sita. Nikaisimamisha, nikaikuza picha nione kama kuna karatasi miguuni. Kuna mahali kivuli kilipita ukutani, nikasema huyo ndiye anayemfunulia kurasa. Mume wangu akaniuliza kama nimeacha ualimu nimekuwa askari. Nikamwambia hawajui watoto wa siku hizi.

Kazi ile ilikuwa nusu ya alama za muhula. Ukifeli, huendi mafunzo ya vitendo, na yeye kuna hoteli ilishakubali kumpokea. Hayo yote niliyajua, na bado nikamwandikia sifuri kwa penseli, kisha nikamwita ofisini.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Karatasi uliiweka wapi?"

"Karatasi gani, madam?"

"Uliyokuwa unasoma."

Akasema hakuwa na karatasi. Nikamwambia asinipige kamba. Kama anasema kweli, aeleze mtaa wake hapo hapo mbele yangu, kwa Kiingereza. Akatazama vigae vya sakafu, akaanza. Maneno hayakuwa yale ya kwenye video, lakini ulimi ulikuwa ule ule mwepesi. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mie nikadhani kakariri maelezo ya aina mbili.

"Niangalie," nikamwambia.

Akainua macho, yakakutana na yangu, na Kiingereza kikakatika. Machozi yakamlengalenga.

"Madam, ulituambia tuongee kama vile tunaongea na wewe," akasema kwa Kiswahili. "Mie nyumbani mtu mzima simkodolei macho. Bibi yangu kanilea hivyo."

Mie mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo. Mama yangu akinisema, nikimtazama tu usoni, aliniuliza kama nataka kupigana naye. Na maneno yale niliyatamka darasani kwa kinywa changu, nikidhani nawarahisishia kazi. Mtoto wa watu kanitii, kanipa heshima dakika tano nzima, na mie heshima hiyo nimeiita wizi. Niliona haya, haya kweli kweli.

Samahani sikuitamka. Nikageuza kiti changu nikaelekea kabati la mafaili, nikampa mgongo. "Haya, endelea pale ulipoishia," nikasema.

Akaanza taratibu, halafu sauti ikapanda, sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani. Nilijua hotelini wageni watataka awatazame usoni, na kwamba hilo ni kazi yangu kumzoesha. Alipomaliza nikamwambia amefaulu, aende.

"Asante, madam," akasema.

Sikugeuka. Kumtazama machoni nilikuwa siwezi, nikasubiri mpaka nikasikia mlango umefungwa.